Vichaka vidogo vya maua kwa sehemu ya kivuli: anza na kivuli, mche baadaye

Karibu kila nyumba mjini ina ile sehemu moja. Ni ule upenyo kati ya nyumba na ukuta wa fensi, au chini ya mwembe, au nyuma ya jiko pale lilipokaa tangi la maji, na ukipanda kitu pale kinarefuka kutafuta mwanga, kinapauka, kinakufa, mwisho panakuwa pa kuwekea ndoo mbovu na vigae vilivyobaki. Halafu mtu anapita barabarani anaona bogonvilia imejaa maua mpaka majani hayaonekani, analipia, anaipeleka kwenye ule upenyo, baada ya miezi kadhaa ana fimbo ndefu za miba na majani machache anaanza kusema mkono wake hauna bahati. Mkono hauna shida. Bogonvilia inataka jua la kutwa, ukiipeleka kivulini itakupa majani, ndo ilivyo.

Maua ya kivulini yapo, tena sio machache, ila kubali mapema kwamba kichaka cha kivulini hakitajaa maua kama cha juani hata ufanyeje, kwa sababu ua linatokana na chakula ambacho jani limetengeneza kwa mwanga, mwanga ukipungua na maua yanapungua. Unachotafuta ni mmea ambao kwa asili yake umezoea kukaa chini ya miti mikubwa na bado ukachanua. Na hapo inabidi ujue kivuli chako ni cha aina gani kabla hujatoa hata shilingi.

Naandika zaidi kwa watu wa Dar, Tanga, Zanzibar, Mombasa, yaani joto na unyevu wa pwani. Wa Lushoto, Arusha, Mufindi, Limuru na kwingine kwenye baridi nimewawekea kipande chenu huko chini, na kiukweli nyie mmependelewa.

Hatua ya 1: kisome kivuli

Chagua siku moja isiyo na mawingu, nenda pale saa 3 asubuhi, rudi saa 6 mchana, rudi tena saa 9 na saa 10 na nusu, kila mara piga picha kwa simu ukiwa umesimama palepale. Jioni ukizipanga hizo picha utaona mwenyewe jua linaingia saa ngapi na linatoka saa ngapi. Watu wengi hudhani sehemu yao haina jua kabisa kumbe kuanzia saa 9 inapigwa na lile jua la magharibi linalochoma, na hiyo ni hadithi tofauti kabisa na kivuli.

Kwa mtazamo wangu vivuli vya nyumbani viko vinne. Kuna pa jua la asubuhi halafu kivuli, huu ni upande wa mashariki wa nyumba, ukiwa nao shukuru Mungu maana karibu kila kitu nitakachotaja kitakubali hapo. Kuna kivuli cha madoa madoa, kile cha chini ya mwarobaini au mti wowote wa majani madogo, mwanga unapenya na kuhama hama kutwa. Kuna kivuli cheupe, hapapigwi na jua ila ukiangalia juu unaona mbingu, pana mwanga wa kutosha kusoma gazeti bila shida. Na kuna kivuli kizito, chini ya mwembe wa zamani ulioshuka matawi mpaka karibu na ardhi, au upenyo mwembamba wenye paa juu.

Kama huna uhakika uko kwenye kipi, chukua karatasi nyeupe uweke chini saa 6 mchana, nyoosha mkono juu yake kama sentimita 30. Kivuli cha mkono kikiwa cheusi chenye kingo kali, hapo pana mwanga mwingi. Kikiwa kimefifia ila bado vidole vinahesabika, hapo ndo penyewe kwa vichaka vya kivulini. Kama hata huoni mkono umeanzia wapi, sahau vichaka vya maua, ruka mpaka nitakapozungumzia kivuli kizito.

Sasa kuna jambo ambalo miongozo mingi ya mtandaoni itakupoteza nalo, kwa sababu imeandikwa na watu wa Ulaya na Marekani, kwao jua la mchana mwaka mzima liko upande wa kusini, kwa hiyo wanakwambia upande wa kaskazini wa nyumba ndo wa kivuli. Kwetu jua linahama. Dar iko kama nyuzi 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo mwezi wa 6 jua la mchana linakuwa limeinamia kaskazini kama nyuzi 30, na mwezi wa 12 limevuka limeinamia kusini kama nyuzi 17. Chukua ukuta wa mita 3: mchana wa mwezi wa 6 unatupa kivuli cha karibu mita 1.7 upande wa kusini, ukifika mwezi wa 12 kivuli kimehamia kaskazini na hakifiki hata mita moja. Maana yake bustani ya upande wa kusini wa nyumba inakaa kivulini vizuri wakati wa kipupwe, halafu kuanzia kama katikati ya mwezi wa 10 inaanza kupigwa na jua la mchana, tena jua la kaskazi, lile la kiangazi chenyewe, mpaka karibu na masika. Ukipanda mwezi wa 6 ukadhani umepata sehemu ya kivuli, Krismasi utakuta majani yameungua. Nairobi wako jirani kabisa na ikweta kwa hiyo kwao pande zote mbili zinagawana jua karibu sawasawa.

Ndo maana nasema mashariki kwanza. Upande wa magharibi ni wa mwisho, labda uwe na mti au kibaraza cha kukinga jua la jioni.

Hatua ya 2: chini kuna nini?

Kivuli cha mti na kivuli cha ukuta ni vitu viwili tofauti na tofauti iko kwenye maji na udongo.

Chini ya mti pakavu. Mwembe unazuia mvua, manyunyu yanaishia kwenye majani hayafiki chini, na kile kinachofika mizizi ya mwembe inakiwahi. Kwa hiyo hata masika unaweza kukuta udongo wa chini ya mwembe ni vumbi. Hapo unataka mimea midogo ya kuanzia, sio mikubwa, kwa sababu mche mdogo unaingia kwenye kishimo kidogo kati ya mizizi bila kuikata. Ukikutana na mzizi mnene sogeza shimo, usiukate. Na usimwage lori la udongo juu ya mizizi ya mti ili utengeneze tuta zuri la maua, mizizi inahitaji hewa, na udongo ukiegemea shina unaozesha gome, mti unaanza kukauka taratibu na hutajua kwa nini. Kama mizizi imejaa kila mahali weka vyungu, mambo yanaisha.

Kando ya ukuta shida ni nyingine. Pale ndipo mafundi walipochanganyia zege, walipomwaga plasta iliyobaki na kuzika vipande vya tofali, kwa hiyo udongo umejaa saruji na chokaa. Na ukiwa kwenye zile sehemu za pwani zenye mawe ya matumbawe, hata bila fundi udongo wenyewe tayari una chokaa. Kuna mimea haijali hiyo chokaa na kuna mimea inageuka njano kabisa. Kipimo chake ni rahisi, chukua udongo mkavu kijiko kimoja, weka kwenye kisahani, dondoshea siki. Ukitoa povu na kuchemka chemka, una chokaa ya kutosha, hapo vichaka vya maua kama gadenia na iksora uvipande kwenye chungu, ardhini vitakusumbua. Usipotoa povu sio kwamba udongo ni mzuri, ila angalau kikwazo hicho hamna.

Angalia pia maji yanatoka wapi. Visima vingi vya Dar vina chumvi na ukimwagilia maji ya chumvi kwenye kivuli, ambako hamna mvua ya kusafisha, kingo za majani zinaungua rangi ya kahawia. Maji ya AC yale yanayodondoka kwenye kibomba nje hayana chumvi, kinga ndoo, ndo maji bora ya gadenia utakayopata bure. Ila usipande kichaka mbele ya lile boksi la nje la AC lenyewe, linapuliza hewa ya moto na hamna ua litakalokaa hapo.

Chemba za maji taka acha nafasi ya kufunua mfuniko. Hii haihitaji maelezo.

Hatua ya 3: chagua mmea kufuata kivuli ulichonacho

Nianze na rangi, maana watu huwa wanakimbilia nyekundu. Nyekundu iliyokolea na zambarau nzito kivulini hazionekani, ukisimama mita tano unaona weusi tu. Nyeupe, njano, pinki ya mbali na machungwa ndo zinawaka. Kama sehemu yenyewe ni karibu na kibaraza ambako watu wanakaa jioni, chukua nyeupe yenye harufu.

Kwa jua la asubuhi au kivuli cha madoa, chaguo langu la kwanza pwani ni krosandra. Ni kichaka cha nusu mita hadi karibu mita moja, majani ya kijani kinachong'aa, maua ya rangi ya machungwa yanayotoka kwenye kishikio kimoja kuanzia chini kupanda juu, kwa hiyo kishikio kimoja kinachanua muda mrefu. Kule India Kusini wanawake wanayafuma kwenye nywele kama huku pwani watu wanavyofanya na asumini. Kinapenda joto, baridi hakitaki, ndo maana Dar na Mombasa kinakubali kuliko Nairobi. Mbegu zake ni burudani ya watoto: subiri kishikio kikauke kiwe kahawia, kidondoshee maji, subiri kidogo, utasikia "ta!" na mbegu zimeruka. Nyingine zitajiotea zenyewe pembeni, hivyo ukinunua miche michache baada ya muda utakuwa unawagawia majirani.

Ya pili ni ile yenye mishumaa ya njano, Pachystachys lutea, asili yake Peru, wauzaji wengine wanaiita tu "mshumaa". Hiyo njano unayoiona sio ua lenyewe, ni vijani vilivyopangana, maua ni yale meupe membamba yanayochomoza humo na kudondoka baada ya siku chache, ila njano inabaki wiki kadhaa. Inafika mita moja hivi. Inakunywa maji sana, ukisahau siku mbili inalala chini utadhani imekufa, ukimwagilia inasimama. Usiiweke chini ya mwembe, weka kando ya ukuta penye unyevu.

Chini ya mti penye ukavu chukua barleria, ile fupi inayotambaa, Barleria repens. Hii ni ya kwetu, ipo porini kuanzia Kenya kushuka mpaka Afrika Kusini, kwa hiyo ukame na mizizi ya miti imezoea. Maua ni pinki kuelekea zambarau, urefu nusu mita na ushee, matawi yakigusa chini yanatoa mizizi, unakata unapanda mbele, taratibu imefunika eneo zima. Haina makuu. Sijui kwa nini watu wanaipuuza, labda kwa sababu kwenye kiriba, ule mfuko wa mche, haina sura.

Brunfelsia wengi mnaijua kwa sura hata kama jina hamlijui. Ua linafunguka zambarau, kesho yake limepauka, keshokutwa ni jeupe, kwa hiyo kichaka kimoja kinakuwa na rangi tatu kwa wakati mmoja, na jioni kina harufu. Inapenda jua la asubuhi na kivuli cha mchana, udongo usiwe wa chokaa. Inakua polepole, nunua ukiwa na subira. Na ukiwa na mbwa fikiria mara mbili, ni sumu kwa mbwa, hasa vile vitunda na mbegu zake, na mbwa wadogo wanapenda kutafuna kila kitu.

Gadenia nishaitaja. Kila mtu anaitaka kwa ile harufu, ila ndo mmea unaosumbua kuliko yote pwani. Chungu, udongo uliojaa mboji, maji yasiyo na chumvi, jua la asubuhi, na bado saa ingine machipukizi yanadondoka kabla ya kufunguka kwa sababu udongo ulikauka siku moja ya joto. Ukitaka harufu bila presha panda Murraya paniculata, maua madogo meupe, inachanua kwa mikupuo hasa mvua zikianza, inavumilia kivuli chepesi na inakubali kukatwa. Ukiiacha inakuwa mti, kwa hiyo mkasi mkononi. Tatizo moja, ni ya ukoo wa mlimao na inamlea yule mdudu anayesambaza ugonjwa wa majani kuwa njano kwenye malimao na machungwa, kama una mlimao unaoutegemea basi usiiweke jirani.

Asumini yenyewe je? Nimeulizwa hili mara nyingi. Asumini inataka jua angalau masaa manne, matano, kwa hiyo iweke ukingoni pale kivuli kinapoishia, shina likae kivulini matawi yatoke juani. Ukiizamisha ndani kabisa utapata majani ya kijani na vikuba, vile vishada vya maua yake, utaendelea kununua sokoni.

Pentasi na iksora ni za ukingoni vilevile. Pentasi ni ya Afrika Mashariki hii hii na vipepeo wanaipenda, ukiinyima jua kabisa inarefuka na kuanguka.

Kama una kivuli cheupe penye nafasi kidogo na unataka ndege, tafuta Odontonema, ina vishikio vyekundu virefu, inafika hata mita mbili lakini unaipunguza, na inachanua kwenye kivuli ambacho vingine vinagoma. Nyekundu hii naisamehe kwa sababu ya chozi, wale ndege wadogo wa mdomo mrefu uliopinda, wanakuja kunyonya asubuhi mpaka unasahau chai.

Kivuli kizito sasa. Hamna kichaka cha maua kitakachokufurahisha hapo, muuzaji akikwambia kipo anataka kumaliza mzigo. Una njia mbili. Moja, ongeza mwanga: toa matawi ya chini ya mwembe, yale yanayogusa kichwa, na upunguze ya ndani yaliyosongamana, na kama ni ukuta upake rangi nyeupe, unarudisha mwanga kuliko unavyofikiri. Ila paka rangi ya kawaida, sio chokaa, chokaa inaoshwa na mvua inaingia kwenye udongo tuliokuwa tunaukimbia kule juu. Mbili, achana na vichaka uweke Spathiphyllum, lile ua la kwenye makorido ya mahoteli lenye jani moja jeupe lililosimama, sio kichaka lakini linachanua penye mwanga kidogo, au impatiens, vile vya rangi rangi vyenye shina la majimaji, ambavyo navyo asili yake ni misitu ya huku Afrika Mashariki japo dunia nzima sasa wanavipanda.

Na tukiwa kwenye misitu, lile ua dogo la zambarau linalouzwa madirishani Ulaya nzima, Saintpaulia, limetoka Tanga. Mjerumani mmoja aliyekuwa mtawala wa wilaya huko, Walter von Saint Paul-Illaire, ndiye aliyepeleka mbegu kwao mwaka 1892, mwaka uliofuata likapewa jina lake. Ni la kivulini kabisa, linaota kwenye miamba yenye unyevu Usambara na Uluguru. Nalo sio kichaka, ila chungu kidogo kwenye kibaraza kinapendeza. Nunua lililooteshwa kitaluni, usiende kuling'oa msituni, huko yamebaki machache.

Wa kwenye baridi

Kipimo changu ni chai. Kama mnakoishi chai inastawi, Mufindi, Rungwe, Amani, Limuru, Kericho, basi udongo wenu una tindikali na mvua ipo, na chai yenyewe ni kamelia, kwa hiyo kamelia za maua, azalea na haidrenjea zote mnazo kiganjani. Azalea pwani usijaribu. Huko kwenu iweke chini ya mti wenye kivuli chepesi, tandaza majani makavu kwenye shina, mizizi yake iko juujuu kwa hiyo usipalilie kwa jembe, ng'oa magugu kwa mkono.

Haidrenjea ndo mfalme wa kivuli cha ubaridi, vichwa vikubwa vya maua, mita moja mpaka moja na nusu. Rangi inategemea udongo: penye tindikali mmea unapata alumini, maua yanakuwa ya buluu, penye chokaa yanakuwa pinki, nyeupe inabaki nyeupe popote. Kwa hiyo ukinunua ya buluu Lushoto ukaipanda kando ya ukuta wenye saruji ikageuka pinki usimrudie muuzaji. Ikate mara tu baada ya maua kuisha, maana nyingi zinatoa maua kwenye tawi la zamani, ukifyeka baadaye umefyeka maua ya msimu unaokuja. Fuksia nayo nzuri sana kwa kivuli chenye ubaridi, hasa ya kuning'inia kwenye chungu.

Lakini ngoja niseme ninachokipenda zaidi, mbuni. Ndio, kahawa. Watu wa Moshi na Arusha wanaiona kama zao tu, ila fikiria: ni kichaka cha asili ya msituni, majani ya kijani kinachong'aa mwaka mzima, na kihamba chote cha Uchagani, yaani shamba la nyumbani, kimejengwa juu ya ukweli kwamba kahawa inakaa chini ya migomba na miti mikubwa bila malalamiko. Baada ya kiangazi, mvua ya kwanza ikinyesha, kama wiki moja na kitu baadaye matawi yanajaa maua meupe kwa mpigo mmoja, harufu karibu na asumini, unaisikia kabla hujaona. Yanadumu siku chache tu, ndo kasoro, halafu yanakuja matunda ya kijani, mekundu, kwa hiyo bado kuna kitu cha kuangalia. Ikate isizidi mita moja na nusu. Arabika inataka ubaridi, kwa hiyo Dar msijisumbue.

Hatua ya 4: kwenye kununua

Kwenye zile bustani za kando ya barabara kuna jibu moja utalisikia kila mahali. Unauliza, "Kaka, hii inakaa kivulini?" Anajibu bila hata kuangalia, "Dada, hiyo inakubali kote." Hamna mmea unaokubali kote. Badala ya kuuliza kama inakubali, uliza "hii mlikuwa mmeiweka wapi?" na uangalie mwenyewe. Mche uliokuzwa chini ya neti ya kivuli ndo unaoutaka. Ule uliokuwa juani ukiupeleka kivulini ghafla unadondosha majani, hautakufa ila utakupa wasiwasi, na maua ulionayo siku ya kununua ni ya jua la kule, sio ahadi ya kwako.

Geuza majani uangalie chini, vile vidudu vyeupe vyenye manyoya vikiwepo acha, utavipeleka nyumbani na vitasambaa. Angalia chini ya kiriba: mizizi michache ikichungulia ni sawa, ikiwa minene imetoboa na kuingia ardhini hapo bustanini, mche umekaa muda mrefu na ukiung'oa unakata mizizi mikubwa. Halafu shika shina kwa vidole viwili uvute taratibu sana. Ukiwa unacheza na kuinuka, ni kipande kilichochomekwa juzi hakina mizizi, wanafanya hivyo sana msimu wa mvua wateja wakiwa wengi. Chukua wenye machipukizi ya maua yaliyofunga, sio uliochanua wote.

Na mdogo ni bora kuliko mkubwa. Mkubwa unalipia sifa, mdogo unazoea sehemu yake haraka.

Hatua ya 5: kupanda na kutunza

Panda masika inapoanza, mwezi wa 3 au wa 4, vuli kama umeikosa masika. Kabla ya kupanda weka miche palepale ikiwa kwenye viriba vyake wiki moja mbili, uangalie. Jani likiungua hama, likianza kurefuka kutafuta mwanga hama. Hii inakuokolea pesa kuliko kitu kingine chochote humu.

Shimo liwe pana mara mbili ya kiriba lakini kina kilekile, usizamishe shina. Chana kiriba, usivute mche kwa shina, mizizi ikiwa imejizungusha ikate kate kidogo kwa kisu. Changanya udongo na mboji au samadi ya ng'ombe iliyooza kabisa, samadi ya kuku mbichi inaunguza. Kando ya ukuta toa kwanza vifusi vyote na usogee angalau nusu mita kutoka ukutani. Krosandra na barleria ziachane kama sentimita 40, mshumaa karibu mita moja, brunfelsia mita moja na zaidi kidogo. Mwanzoni patakuwa na mapengo, jaza na impatiens.

Maji usimwagilie kwa ratiba, ingiza kidole kwenye udongo mpaka kiungo cha pili, pakavu mwaga, pana unyevu acha. Kivulini udongo wa kando ya ukuta unakaa na maji muda mrefu, watu wanaua mimea kwa kuimwagilia kila jioni kwa sababu bustani nyingine inamwagiliwa kila jioni. Chini ya mti ni kinyume chake, hata mvua ikinyesha kaangalie. Vyungu usiviwekee visahani vya kukinga maji, au ukiviweka vimwage, mbu wa dengi anazaliana humo na Dar tumeshaona mlipuko 2014 na 2019.

Mbolea kidogo. Ukiweka nyingi ya kukuzia, ile yenye naitrojeni, unapata majani makubwa na maua sifuri. Mboji inatosha mara mbili kwa mwaka, na matandazo ya majani makavu juu yake, yasiguse shina. Konokono watakuja, kivuli na unyevu ndo kwao, waokote usiku kwa tochi.

Kata vishikio vilivyokauka, krosandra na pentasi zinarudia kuchanua haraka zikikatwa. Kichaka kikipita misimu miwili ya mvua bila ua hata moja na majani yako mazima, shida ni mwanga, sio mbolea. Kichimbue mvua zikianza, na donge lake la udongo, ukisogeze hatua moja mbili kuelekea mashariki.